Mimba Aliyoinyamazia Basile

Saa moja asubuhi, Consolée Nabintu hajatia hata chai mdomoni. Anazunguka zizi lake la miti, anainama, ananusa pumzi ya mbuzi mweusi, anainuka, anazunguka tena. Mbuzi mwenyewe anacheua, kana kwamba hayo yote hayamhusu.

"Yeye anakula bizuri," analalamika. "Minye njo chakula kinanishinda tangu juzi."

Mama huyu wa miaka arobaini na mitatu huchunga mbuzi wa watu hapa kijijini Bwegera. Mshahara hana. Mwenye mbuzi humkabidhi jike, na jike akizaa hugawana: mtoto wa kwanza wa mwenye mali, wa pili wa mchungaji. Kwa miaka mitatu Consolée hajabaki na hata mmoja.

Msimu uliopita walizaliwa tisa, wakafa sita, na watatu waliopona wakaenda kwa wenye mali. Hao sita walikuja duniani wakiwa hai, macho wazi, ila miguu ililegea, wakashindwa kusimama kunyonya. Wenye mbuzi wawili walikuja kuchukua majike yao, na mmoja hakuaga.

Octave, daktari wa mifugo aliyeko mjini Uvira, alimweleza kwamba majani wanayokula mbuzi hao hayana seleniumu ya kutosha, madini yanayoipa misuli nguvu. Jike mwenye mimba akichomwa sindano yake kabla ya kuzaa, mtoto naye hupata. Akamwachia chupa na kumfundisha kipimo. Akamwonya pia: ikizidi, ni sumu.

Sasa tatizo lenyewe. Wachungaji wa hapa husema mimba ya mbuzi haitajwi siku ya makabidhiano, isije ikaharibika. Basile, mkulima wa mpunga, alimleta mbuzi huyu mweusi wiki iliyopita na, kwa desturi hiyo, hakutaja mimba. Consolée akapapasa tumbo, akajua, akamchoma sindano.

Juzi Basile alipita kusalimia, akaiona chupa.

"Mama Consolée, hii dawa njo ile balimuchoma kule Kamanyola mbele ya kumuleta kwako."

"Na weye haukusema?"

"Ningesema namna gani? Ningetaja sindano, ningetaja na mimba."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Basile alikuwa karibu kumzuia hata mbuzi asizae. Consolée alimpigia Octave simu, akamweleza kwamba mbuzi amechomwa mara mbili. Jibu halikumtuliza: hakuna dawa ya kuitoa seleniumu iliyozidi mwilini. Angoje, aangalie kama mbuzi anayumba au anahema kwa shida, anuse kama pumzi ina harufu ya kitunguu saumu. Tangu hapo pua yake haijapumzika. Mbuzi huyu akifa, wenye mbuzi wengine watano waliobaki zizini watakuja na kamba zao kuwachukua.

Saa tatu, mbuzi anaanza kukwaruza ardhi. Consolée anashtuka akidhani ni sumu, kisha anaona maji ya uzazi yakitoka. Anamtuma jirani amwite Basile.

Wa kwanza kutoka ni dume. Kabla Basile hajafika vizuri, ameshasimama na kutafuta chuchu. Wa pili ni jike, mdogo, na amelala tu. Consolée anamfuta kwa kitenge chake mwenyewe, anamkandakanda miguu, anamkamulia maziwa ya kwanza mdomoni. Anaogopa, na haoni haya kuonekana anaogopa.

Basile anachuchumaa kando, kofia mkononi. "Minye niko na kosa," anasema taratibu.

"Shika kichwa yake," anajibiwa.

Wanamsimamisha mtoto. Mara ya kwanza anaanguka. Mara ya pili anaanguka. Karibu saa nzima inapita kabla miguu minne haijakubaliana. Anasimama akitetemeka, anafika kwa mama yake. Consolée ananusa pumzi ya yule mweusi tena. Inanuka majani tu. Anakaa chini na kulia kidogo.

Octave amesema kwa simu wamwangalie mama mbuzi siku chache zaidi, na Consolée ataendelea kuzunguka zizi. Lakini mpango wake ameshaupanga: jike atakayeletwa bila kuelezwa amechomwa nini na lini, hatampokea.

"Dume iko yako, papa Basile. Huyu jike iko yangu," anasema, akipangusa macho. "Na siku atashika mimba, minye nitaitaja. Nitaitaja mpaka Uvira basikie."