Ubao Wangu na Gita la Learco

Learco, mkwe wangu, si mwizi, ila mikono yake haijui cha mtu. Miaka kumi na miwili anachoma vigae kiwandani hapa Sassuolo, Italia, akirudi ni gita tu. Na si muziki wa kucheza! Wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri, gita linapanda, linashuka, linazunguka kama mbuzi kafungwa kamba, na haimbi mtu.

"Maneno yako wapi, baba?" nilimuuliza.

"Mama, gita ndilo linalosema."

Miaka tisa linasema, sijui linamwambia nani.

Mwaka wa sabini na nne wakubwa wa kampuni ya santuri kule Milano wakakubali kumtolea santuri yake. Sharti moja: picha ya jalada iwafikie Jumatatu, la sivyo nafasi wanapewa wengine. Mchoraji hana, akachora mwenyewe. Juu ya nini? Ubao wangu wa kusukumia tambi! Ubao wa marehemu mama yangu!

Nikaukuta Jumapili asubuhi. Kauchora mnara wenye jicho, rangi bado mbichi, na watu kumi na mmoja wanakuja kula.

"Nives," nikamwambia binti yangu, "mumeo kaniharibia ubao."

"Sukumia kwenye marumaru, mama."

"Marumaru! Tambi zitoke laini, mchuzi uteleze? Nilikulea hivyo mimi?"

Nikaugeuza. Picha chini, mgongo juu, unga, mayai kumi na mawili, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Kuuinua, nusu ya mnara imebaki kwenye plastiki iliyotandikwa mezani, na mistari ya ile plastiki imejichapa juu ya jicho kama wavu.

Learco akakaa chini sakafuni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama, miaka tisa."

"Na ubao miaka themanini. Ungeniuliza."

Jumatatu akapanda nao treni hivyo hivyo, kaufunga kwa shuka langu. Akarudi anacheka peke yake. Wakubwa wameupenda ule wavu! Wamemuuliza kaufanyaje, naye bila haya akasema ni siri ya kazi.

Santuri ikatoka. Jalada linafunguka kama kitabu. Pembeni chini utaona punje nyeupe zimeganda kwenye rangi. Unga wangu huo. Jina lililoandikwa ni lake.

Ubao wameutundika ukutani Milano. Kaniletea mpya, laini kama kioo, haufai hata kukalia. Basi kila akianza gita, na mimi naanza kuusugua kwa msasa.

"Mama, kelele!"

Kelele? Ubao ndio unaosema.