Diski Nne, Njia Nne

Kukaa kitako kumenishinda tangu utotoni. Mama yangu alizoea kusema nilizaliwa na siafu ndani ya suruali. Kazi ya kunakili diski ni kazi ya kutazama namba moja ikipanda polepole kwenye kioo kutwa nzima, na katika kazi zote za kompyuta hiyo ndiyo niliyoichukia kuliko zote. Ndiyo maana niliiahirisha.

Biro, yaani ofisi yetu ya Goma, ilikuwa nyumba ndogo ya mbao na mabati, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Kazi yake ilikuwa moja: kuandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao njiani wakati wa kukimbia. Picha, jina, mahali mtoto alipookotwa, familia inayomtunza. Yote yaliingia kwenye seva moja ya zamani yenye diski nne. Shefu, mkubwa wetu wa kazi, alikuwa amepata seva nyingine, mpya, akaniagiza nihamishie humo kila kitu, nakala kamili, ili moja ikifa nyingine iendelee. Nikasema kesho. Boksi la seva mpya lilikaa kando ya meza yangu mwezi mzima, nikawa naegesha kikombe cha chai juu yake.

Vita vikasogea. Asubuhi ile mimi nilikuwa upande wa pili wa mji na sikuweza kufika kazini. Bironi walikuwepo watu wanne: shefu, waandikishaji wawili, na mama wa usafi, mzaliwa wa Kibumba, mtu mzima aliyekwisha kukimbia mara nyingi kuliko alivyowahi kuhama kwa hiari yake. Seva nzima ilikuwa nzito mno kubebwa. Yeye ndiye aliyesema la kufanya. Kwetu, mtu akikimbia hafungi mali yote katika mzigo mmoja. Unga anabeba mtoto mkubwa, sufuria baba, makaratasi ya nyumba yanakaa kifuani mwa mama, na kuna wazazi wanaogawa hata watoto wenyewe katika njia mbili, ili likitokea la kutokea, abaki mmoja. Basi wakachomoa diski, kila mtu moja, kila mtu na njia yake.

Kwa unga ni akili nzuri kabisa. Kwa diski zile ilikuwa balaa. Watu walidhani kila diski ina watoto wake. Kumbe kila picha ilikuwa imekatwa vipande, kimoja huku, kingine kule, pamoja na akiba kidogo ya kuokoa mambo diski moja ikipotea. Ikipotea moja, tunapona. Zikipotea mbili, hatuna mtoto hata mmoja. Na tena lazima zipangwe kwa mfuatano wake, ya kwanza mpaka ya nne, la sivyo vipande havikutani.

Tulipofungua biro tena, tulikuta watu wasiojulikana wameiponda seva ya zamani, na kadi iliyokuwa ikiukumbuka mfuatano ule haikuwepo. Makaratasi yetu yote walikuwa wamepikia. Shefu alileta diski yake, waandikishaji wakaleta zao. Mmoja wao alikuwa ameanguka na pikipiki, na diski yake, nilipoiwasha, ilitoa mlio kama wa mtu anayegonga meno. Mama wa usafi alikuwa bado hajarudi.

Kila diski ilikuwa imefungwa utepe wa kitenge cha kijani wenye mafundo mafundo. Sikuuliza. Nilikuwa na hasira. Nilifoka kwamba kompyuta si gunia la maharage, kwamba nani aliwatuma kuchomoa vitu wasivyovijua, na huku nafoka nilichukua mkasi, nikakata tepe zile zote na kuzitupa kwenye takataka zilizokuwa zikiungua uani. Ukweli ni kwamba hasira ile ilikuwa yangu juu yangu mwenyewe. Boksi la seva mpya lilikuwa limesalimika chini ya meza iliyopinduka, na alama ya kikombe changu ilikuwa bado inaonekana juu yake.

Siku hiyohiyo akaja mama mmoja aliyekuwa akiishi kambini Kanyaruchinya. Alikuwa na karatasi ndogo yenye namba. Alikuwa amepotezana na binti yake wa miaka minne, akafika bironi asubuhi ileile ya vita, akaambiwa mtoto ameandikishwa, yuko salama kwa familia fulani, arudi kesho apelekwe. Akapewa namba. Aliyemwandikisha mtoto alikuwepo sasa mbele yetu, anajishika kichwa: siku zile waliandikisha watoto wengi, hakukumbuka ni wapi. Yule mama akakaa kwenye benchi, mkabala na mlango wangu.

Nikaanza kunakili. Nilijiapiza sitagusa diski za asili: nitazinakili moja moja kwenye seva mpya, chembe kwa chembe, na majaribio yote nitayafanya kwenye nakala. Hilo ndilo jambo moja nililolifanya sawasawa. Umeme ulikuja na kwenda. Nakala iliendelea pale ilipokomea, lakini moyo wangu ulianza upya kila mara. Nilitoka nje, nikarudi, nikasukuma kiti, nikatoka tena. Diski ya pikipiki ilikwenda mpaka katikati, ikanyamaza kabisa. Tukabaki na mbili nzima. Mbili hazitoshi.

Kila asubuhi mama wa benchi aliniuliza kwa heshima, "Imefika wapi, papa?" Nilimtajia namba ya kwenye kioo. Siku ya nne nikamjibu vibaya, kwamba kuulizwa hakuongezi mwendo. Akasema, "Pole, papa." Hasira yangu ikazidi, maana aliyestahili kupewa pole alikuwa yeye.

Siku ya saba mama wa usafi akaingia akiwa na beseni la viazi vya Kibumba kichwani. Akalitua, akachimbua chini ya viazi, akatoa sweta la mtoto, na ndani ya sweta diski. Utepe wa kijani ulikuwa bado umefungwa. Mafundo matatu.

"Hii njo ya tatu, papa," akasema. "Zingine ziko wapi?"

"Ya tatu kivipi?"

"Wakati tulikuwa tunazitosha mu seva, miye nilifunga fundo. Ya juu fundo moya, ya chini yake mbili. Njo vile tunafanyaka na mizigo, juu ya kujua nani anabeba nini." Akatazama diski zilizokuwa mezani, uchi. "Kamba zangu ziko wapi?"

Nikamwambia nimezichoma. Hakupiga kelele. Alisema, "Papa, uko na masomo mingi, lakini hauulizake." Hasira hasara, wahenga walimaliza. Sikuwa na pa kuficha uso.

Lakini utepe wake ule mmoja ulinipunguzia kazi. Bila kujua nafasi ya diski yoyote, mipangilio ni ishirini na minne. Kwa kuijua ya tatu, inabaki sita. Niliinakili diski yake kutwa nzima, nikaanza kujaribu. Kila mpangilio ulinila nusu siku pamoja na umeme kukatika. Mpangilio usio sahihi hautoi tupu, ingekuwa afadhali. Unatoa picha zinazofunguka nusu: paji la uso, macho, kisha kuanzia puani kurudi chini ni kijivu kitupu. Nilifunga mlango ili mama wa benchi asione.

Siku ya kumi na moja, mpangilio wa tano, uso mmoja ukafunguka mpaka kidevuni. Nikafungua mwingine, nao mzima. Nikamwita mama wa benchi kwa sauti iliyotoka vibaya, nikamwomba namba yake.

Binti alikuwa amevaa gauni la njano. Mama yake alikisogelea kile kioo, akasema, "Hii robe haiko yangu. Kuko mutu alimuvalisha." Halafu akalia. Mimi nilikuwa nasoma anwani iliyo chini ya picha, na sikutaka kuisoma kwa sauti. Ilisema Ndosho. Humuhumu mjini. Mwishowe nikaisoma.

"Ndosho?" akasema. "Miye nalalaka ku dada yangu, Ndosho."

Tulipanda pikipiki moja, yeye katikati, mimi nyuma. Barabara ilikuwa mbovu, lakini ni karibu: hata chai uliyoiacha mezani isingepoa. Mwenye nyumba alitufungulia, na mtoto alikuwa uani anachambua mboga. Alimtazama mama yake muda mrefu, hakukimbia kuja. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Mama, ju ya nini ulikawia?"

Mama akapiga magoti kwenye mawe. "Nisamehe, mutoto wangu," akasema. "Ni miye nilikawia."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Nilifungua mdomo niseme ukweli, kwamba si yeye, ni mimi, nikaona yule mtoto ameshamshika mama yake shingo kwa mikono yenye majani ya mboga. Nikageuka, nikatoka uani.

Nilirudi bironi kwa miguu. Nikamkuta mama wa usafi anapiga deki. Nikamwomba kipande cha kitenge chake, nizifunge diski upya.