Kandambili za Mbele ya Friji

Usiku ule nililala na testa mfukoni, ile bisibisi yenye taa ya kupimia umeme. Mchana nilikuwa nimelifungua tena friji la marehemu mama yangu, nikakagua waya mmoja mmoja, nikalifunga bila kuona kosa. Tangu wiki tuliyomzika mama nyuma ya jiko, friji lilikuwa linapiga shoti. Si kali sana; kiasi cha kumfanya mtu aruke. Mke wangu, Mama Rehema, aliweka kandambili mbele yake, na kila aliyetaka maji baridi alizivaa kwanza. Wageni waliporuka, aliwaambia, "Ni mama mkwe huyo, anawasalimia."

Mimi sikucheka. Ufundi nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na redio mbovu, na ninaamini kila hitilafu ina mahali pake. Jioni ile binti yetu Rehema alikuwa amewasili na mwanawe, Baraka, aliyeanza kutambaa.

"Baba, hilo friji bado tu?"

"Kandambili zipo," mama yake akamjibu kabla yangu. "Baba yako kalifungua mpaka limemzoea."

Nikaota niko jikoni, sakafu imelowa. Nagusa friji kwa testa, inawaka. Nagusa ukuta, inawaka. Nagusa kikombe changu cha chai, inawaka. Kisha si jikoni tena, ni sebule siku ya msiba. Mikeka imetandikwa, watu wamekaa kimya, na kila mmoja amevaa kandambili. Hakuna anayenitazama.

Mama anaingia akitambaa. Anakuja polepole kwa viganja na magoti, udongo mwekundu umemganda hadi viwikoni. Miguuni amevaa zile kandambili zetu, lakini nyayo zimetazama juu, hazigusi chini.

"Mama, simama. Utapigwa shoti."

"Nimevaa, mwanangu. Si mlisema nivae?"

Friji limesimama katikati ya wafiwa, naye analiendea. Nataka kumshika, mkono hauinuki. Nikitazama tena, mgongo umekuwa mdogo, shingo ni ya Baraka, udongo ni uleule. Kiganja kilicholowa kinanyooka kuelekea mlango wa friji. Napiga kelele, sauti haitoki.

Tuko nje, nyuma ya jiko. Kaburi liko wazi. Mama ameketi ukingoni, miguu inaning'inia ndani, kama alivyokuwa akikaa barazani kuchambua mchele. Ameshika ncha ya waya wa shaba. Naufahamu waya ule. Ni wa ethi, unaotoka ukutani na kuzama ardhini. Kazi yake ni kuupeleka chini umeme unaovuja, usimpitie mtu.

"Umetafuta ndani tu," anasema.

"Mashine iko ndani, mama."

Anatikisa kichwa. Uso wake umechoka kuliko siku aliyokufa.

"Huku chini hakijatufikia kitu. Waliukata wakinichimbia."

Ananikabidhi ile ncha. Ni baridi. Anavua kandambili, anazipanga ukingoni, anashuka. Simwoni tena, ila sauti yake inapanda kutoka kwenye udongo:

"Mtoto anatembea kwa mikono."

Nikaamka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Kwenye korido nikasikia viganja vidogo vikipiga sakafu, na Rehema, nusu usingizini, akiita, "Wee Baraka, unakwenda wapi?"

Nilikimbia pekupeku. Niliishika plagi ya friji kabla ya kumtazama mtoto, nikaichomoa. Ndipo nikageuka. Baraka alikuwa amefika kwenye kandambili. Ameketi, mate yanamtiririka, anaitafuna moja. Mlango wa friji ulikuwa karibu na bega lake.

Nikampa Rehema mwanawe, nikachukua jembe. Waya ulishuka ukutani kama siku zote, ukaingia ardhini. Nikaufuata kwa kuchimba, taratibu, kuelekea kaburini. Haukufika mbali. Ulikatika ghafla mahali ambapo udongo wa zamani ulikutana na udongo uliochimbwa, na ncha yake ilikuwa imeota kutu ya kijani.

Mama Rehema alitokea mlango wa jiko, kanga mabegani.

"Baba Rehema! Unachimba nini kwa mama asubuhi yote hii?"

Nilikuwa nimeishika ile ncha, baridi vilevile kama aliponikabidhi.

"Zitoe zile kandambili," nikamwambia. "Tulikuwa tunajivalisha sisi tu."