Kitabu Ambacho Hakikuzikwa

Niliondoka mtaa wa Nyalenda asubuhi bila mpango, nikatembea hadi Kisian. Huko mzee Myahudi, wa ukoo wa marabi, aliniomba nimchimbie shimo. Mchwa walikuwa wamekula vitabu vya sala vya babu zake, na kwao kitabu kitakatifu kikichakaa huzikwa, hakichomwi. Kilichomuuma ni kwamba binti yake hangerithi hata kimoja.

Kabla ya kuvizika nilivifunua kimoja kimoja, kwa udadisi tu.

“Unaanzia mwisho, bwana!” alicheka. “Vitabu vya Kiebrania hufunguliwa kutoka kulia.”

Nikageuza cha nne. Jalada lilikuwa limeliwa, kurasa zilikuwa nzima.

“Mzee, hiki bado kinasomeka.”

Alikibusu, akasoma kwa sauti mpaka akasahau shimo. Giza lilipoingia akanifungulia chumba cha uani.

“Kaa hapa. Kesho tukishonee jalada.”