Niligomea bei ya simu, sasa mwanangu anadhani nimekufa

Admin, jina langu lisitoke. Huku Ilongero, Singida, hakuna asiyenijua, na sitaki kuchekwa na watu niliowazidi umri. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili. Shule niliishia darasa la nne, lakini darasa la nne la zamani, na haya naandika kwa kidole changu mwenyewe, polepole. Nina ng'ombe, nina mashine ya kukamua alizeti, na nyumba ya bati niliijenga wakati wenzangu wanalala kwenye tembe. Nawaambia ili mjue aliyefanya haya siyo mtu mjinga.

Zamani kampuni ya simu ilikuwa moja, na simu yenyewe uifuate posta. Lilipokuja hili soko huria, makampuni yakawa mengi, yanatufuata mpaka mnadani na maspika, yanatubembeleza. Ndipo nikachukua simu ya mezani, ile isiyo na waya, nikawa wa kwanza kitongoji kizima. Unalipia kwa mwezi, laini na intaneti vimefungwa pamoja. Intaneti kazi yake sikuijua, ila ilikuwemo.

Simu hiyo ndiyo aliyokuwa anapiga binti yangu wa mwisho, tumwite Tatu. Yuko Uarabuni, kazi za ndani. Alipofika tu bosi alimnyang'anya simu, namba zote zikapotelea humo. Aliyobaki nayo kichwani ni moja, ya simu ya nyumbani. Kila Ijumaa mchana anaazima simu ya bosi wake, anapiga, namba yake haitokei. Ijumaa moja akaniambia, "Baba, mkataba unaisha. Wanataka niongeze miaka miwili. Huku nateseka baba, napigwa. Nikirudi mikono mitupu mtanipokea?"

Mimi nilimkataza kwenda, akaenda. Nikataka aisikie kidogo. Nikamwambia, "Nitakujibu Ijumaa ijayo."

Katikati ya wiki hiyo ukaja ujumbe kwamba bei imepanda. Nikapanda bodaboda mpaka mjini, nikamkuta dada wa dirishani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani kapandisha bei hapa?"

"Siyo sisi babu, inatoka makao makuu. Gharama za minara zimepanda, mitambo inanunuliwa kwa dola, na dola imepanda."

"Dola imeingiaje nyumbani kwangu Ilongero? Basi toa hiyo intaneti, niachie laini."

"Haiwezekani, vinauzwa pamoja. Soko huria babu, kila kampuni inajipangia bei."

Nikamwambia kama ni soko, mimi nimezaliwa sokoni. Jamani, mnadani sijawahi kununua ng'ombe kwa bei ya kwanza. Muuzaji akitaja bei ya kipuuzi nageuza mgongo, naondoka, na siangalii nyuma. Hatua kumi haziishi utasikia, "Mzee, rudi tuongee!" Sasa na hawa walionibembeleza kwa maspika, wataachaje kuniita? Nikageuza mgongo, nikatoka.

Laini ikakatwa Alhamisi. Mke wangu akaniambia, "Baba Tatu, lipa, mtoto atapiga kesho." Nikamjibu, "Watakuja wenyewe hapa mlangoni, na bei wataishusha." Ijumaa ikapita. Nikasema wiki ijayo. Pale kijiweni nilisimulia mgomo wangu, wakanipigia makofi: "Mzee umewashika pabaya!" Kumbe wao walikuwa wameshalipa kimyakimya. Mimi nikaendelea. Mwezi, miezi. Mke wangu aliomba mpaka akaacha kuomba. Nilikuwa nikisikia pikipiki natoka nje, nikidhani ni wao.

Hakuna aliyekuja. Sijui hata kama waliona kwamba nimegoma.

Mwishoni nikaenda kulipa, kwa bei yao. Yule dada akatazama kompyuta yake, akasema, "Babu, namba yako ilifutwa. Ameshapewa mteja mwingine." Nikamwambia mnyang'anyeni, nilipe mara mbili. Akasema haiwezekani. Akanipa namba mpya.

Nilipotoka pale nikapiga namba yangu ya zamani kwa simu ya mkononi. Akapokea kijana, mtu wa adabu, yuko mkoa mwingine kabisa. Nikamweleza. Akasema, "Mzee, kuna dada alikuwa anapiga hapa kila Ijumaa, anamuulizia baba. Nikawa namwambia amekosea namba. Mara ya mwisho alilia, akaniuliza, 'Kaka, baba amekufa?' Nikamwambia dada, mimi simjui baba yako."

"Lini hiyo?"

"Kabla ya mfungo. Hajapiga tena. Nisamehe mzee."

Mfungo una miezi minne sasa umepita. Wakala aliyempeleka, ofisi yake Dar imefungwa, simu haiiti. Jina la bosi silijui, mji siujui. Kijana nimemwomba Tatu akipiga ampe namba mpya, naye amekubali, lakini atapiga kumtafuta nani? Kama ameongeza mkataba, ameongeza akijua hana pa kurudi. Kama hakuongeza, sijui yuko wapi. Na jibu langu lilikuwa arudi tu, hata mikono mitupu. Nilikuwa nalo tangu siku ile ile aliyouliza.

Mke wangu hajui habari za yule kijana. Anajua tumerudishiwa simu basi. Ijumaa anapika mapema ili awe ndani. Juzi aliniuliza, "Baba Tatu, hii namba mpya, Tatu anayo?" Nikamwambia anayo.

Wanangu mlioko huko Uarabuni, na ninyi mnaojua mambo haya, mtoto wa namna hii anatafutwa kwa njia gani? Na mama yake nimwambie, au nimwache aendelee kusubiri? Nitayasoma yote mtakayoandika, hata matusi.