Ufunguo Uliobaki Ndani ya Seva

Mwenye studio aliniajiri kwa sababu mbili: najua kompyuta, na ni mwanamke. Studio yake ya Mji wa Kale hurekodi kupamba, sherehe ya wanawake peke yao ambapo bibi harusi hutolewa bila buibui akatazamwa. Simu zote huachwa mlangoni kwenye kapu, na kamera huwa moja tu, yetu. Mwanamume hazioni video hizo, hata awe fundi. Basi mimi, Mkristo wa Kaloleni, nikawa mlinzi wa mabibi harusi wa Kiislamu, na nilijivuna kweli.

Video zilikaa kwenye seva, sanduku la diski nne chini ya meza. Mtandaoni hatukupeleka video hata moja. Mwaka jana nikazifunga diski kwa ufunguo wa siri, faili dogo linalokaa pamoja na mipangilio ya seva, ili hata mwizi akiziiba asione chochote. Nakala ya mipangilio sikutaka kuiweka kwenye laptopu yangu, maana kaka zangu huichukua watakavyo. Nikaihifadhi nilipopaona salama kuliko pote: kwenye diski zilezile nilizozifunga. Sijui nilikuwa nawaza nini.

Jumatatu umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na flashi iliyochomekwa kwenye seva, iliyobeba mipangilio pamoja na ule ufunguo, ikafa. Diski zote zilikuwa nzima.

Jumatano akaja mama wa mtaa wa pili. Binti yake alikuwa amefariki akijifungua, mwezi mmoja tu nyuma. Alipoolewa, binti huyo alikataa kuichukua video yake, kwa kuwa kwa mumewe mlijaa mashemeji wa kiume. Aliiacha kwetu.

"Nataka kumuona akicheka tu, mwanangu," mama aliniambia.

Nikamwomba akae. Flashi iliyokufa niliipeleka kwa fundi karibu na Marikiti. Akaijaribu mara mbili akanirudishia. Nikanunua mpya, nikapandisha mfumo upya, nikarejesha mipangilio ya zamani niliyoipata kwenye barua pepe, ya kabla sijazifunga diski. Seva ikaamka. Majina ya watumiaji yakarudi, orodha ya harusi ikarudi, na kila harusi ilikuwa na alama ya kufuli. Nilijaribu kila nililolijua mpaka adhuhuri, nikijua tangu mwanzo kwamba najidanganya.

Nikamweleza mama, nikamwonyesha mstari wa binti yake. Akaweka kidole juu ya skrini.

"Waniambia yumo humu?"

"Yumo, mama."

"Na hapana awezaye kumfungulia."

"Hapana. Kosa ni langu."

Hakunilaumu. Laiti angenitukana. Alijitanda buibui lake, akafika mlangoni, akageuka.

"Basi usiizime, mwanangu. Asikae kizani."

Mwenye studio ameshanunua seva nyingine. Ile ya zamani haina kazi tena, lakini kila umeme ukikatika na kurudi mimi huinama chini ya meza na kuiwasha.