Nilivyomwendesha Profesa Lidia Hadi kwa Mama Yake

Safari hii ilianza kwa sababu ya jicho la mtu mwingine. Profesa Lidia, aliyekuwa akitufundisha ushauri nasaha chuoni Louisville, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na daktari akamkataza kushika usukani kwa majuma kadhaa. Naye alikuwa ameahidi tangu kiangazi kwenda Buffalo kuzungumza na akina mama wa Kirundi waliokuwa wakigombana na watoto wao wakubwa. Tangu mwanzo alikuwa ameniomba niwe mkalimani wake, maana mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kasulu. Sasa akahitaji na dereva.

Ilikuwa Oktoba 2015. Niliomba ruhusa kwenye ghala la Jeffersontown nilikokuwa nikifunga mizigo, nikajaza mafuta kwenye Toyota yangu iliyochakaa, na Ijumaa asubuhi nikampitia nyumbani kwake. Alitoka na begi dogo, miwani myeusi usoni, na thamosi ya chai. Tulikubaliana twende na gari langu kwa sababu nalijua tabia zake.

Nyinyi mlioko Kigoma na Bujumbura huniuliza Amerika ni watu wa namna gani, na huwa nawajibu kwamba wako wa kila namna. Profesa Lidia alizaliwa kwa Waamishi. Hao ni Wakristo wanaoishi mashambani bila umeme wala magari. Husafiri kwa gari la farasi, wanawake hufunika nywele, na nyumbani huongea Kijerumani chao cha kale. Watoto wao husoma hadi darasa la nane, basi. Lidia alitaka kuendelea. Alikwisha kubatizwa na kuweka nadhiri mbele ya kanisa alipoondoka kwenda kusoma, na kwa hiyo kanisa lilimtenga. Hayo nilikuwa nayajua juu juu tu. Hakuyazungumzia darasani, na mimi sikuwahi kumwuliza.

Njia ya kwenda Columbus ni pana na haina makuu. Tulivuka Mto Ohio, tukapita Cincinnati, halafu ikawa mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, kila upande. Kila tulipokaribia shamba lenye ghala kubwa jeupe, Profesa aliacha kuongea mpaka tulipite.

Columbus tulifikia kwa mdogo wake, Amosi, fundi wa makabati ya jikoni. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyojaa makovu. Yeye pia aliacha maisha yale, lakini aliondoka kabla ya kubatizwa, kwa hiyo hakuvunja nadhiri yoyote na hakutengwa. Tulikula naye supu ya maharage, na baada ya kula akasema alichokuwa amekishikilia tangu tulipoingia.

"Lidia, mama haumwi kidogo. Kifua kinambana. Jumatatu wanampeleka hospitali Buffalo."

"Buffalo?"

"Ndiyo. Kuna mwenye gari jirani yao, huwa wanamkodi."

Nilikuwa sijui kwamba familia yao ilihama Ohio zamani, ikafuata ardhi ya bei nafuu kusini mwa Buffalo. Profesa alikunja kitambaa chake cha mezani, akakikunjua, akakikunja tena.

"Sitakwenda," alisema. "Nikienda wataanza kuhangaika nikae wapi. Mama ni mgonjwa, sitaki ahangaike."

Aliposimama kuosha vyombo, nilimwuliza Amosi kuhangaika huko kunatoka wapi. Akanieleza kwa sauti ya chini, bila lawama, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Aliyetengwa hazuiwi kuingia nyumbani. Wataongea naye, watampa chakula. Lakini hawatakula naye meza moja. Hawatapokea kitu kutoka mkononi mwake. Akitaka kuwapa, atakiweka chini kwanza, ndipo wakiokote. Na hawatapanda gari lake.

"Hata mama yake?"

"Mama ndiye anayeumia zaidi kuishika sheria hiyo," alisema Amosi. "Lakini anaamini akiilegeza, Lidia hatapata sababu ya kurudi kwa Mungu. Kwake yeye, hayo ni mapenzi."

Jumamosi mchana tulifika Buffalo, baada ya kuandamana na Ziwa Erie kwa muda mrefu bila kuliona, ila upepo wake tu uliolisukuma gari pembeni. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Onesmo, anayekaa Kensington-Bailey, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao. Alikuwa ametoka kazini Cheektowaga asubuhi hiyohiyo, hajalala, lakini ugali na sombe, yaani kisamvu, vilikuwa tayari. Watoto wake walinisalimia kwa Kiingereza, yeye akawakemea kwa Kirundi, wakacheka wakaingia ndani.

Mkutano ulifanyika jioni kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa lao. Akina mama walijaa, wamejitanda vitenge juu ya makoti. Malalamiko yalikuwa yaleyale ninayoyasikia Louisville: binti amehamia kwa mwanamume bila ndoa, kijana ameacha kanisa, mwingine ameolewa na Mwislamu na baba yake amesema asikanyage tena. Profesa alisikiliza sana na kusema machache, nami nikatafsiri. Aliwaambia kwamba anajua maisha ya mtoto aliyefungiwa mlango, kwa sababu yeye mwenyewe ni mtoto wa namna hiyo. Hawakutazamia kwamba mzungu profesa anaweza kuwa na kwao kulikomkataa.

Mama Onesmo akanyoosha mkono. "Mwulize, mama yake yu hai?"

Nikatafsiri. "Yu hai," alijibu.

"Yuko wapi?"

Profesa alinitazama kabla ya kujibu. "Si mbali na hapa. Kama mwendo wa saa moja na nusu kwa gari."

"Basi kesho kutwa atapita kumwona," alisema Mama Onesmo. Hakuuliza. Alisema kama anavyosema mtu yeyote anayejua mgeni wake yuko njiani kwenda wapi. Wenzake wakaitikia kwa kichwa, na mmoja akaanza kuulizana na jirani yake wampelekee mama huyo nini.

Niliyatafsiri maneno hayo kama yalivyo. Profesa aliinamisha kichwa, akasema, "Waambie asante." Jumapili tulipotoka kanisani alinikabidhi karatasi ndogo yenye jina la barabara. Akina mama walikuwa wametuletea mfuko wa karanga za kukaanga.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukungu. Tuliiacha barabara kuu, tukaanza kupishana na magari ya farasi, yamefungwa taa na vitambaa vya kumetameta kwa nyuma. Nilipunguza mwendo kila mara. Profesa alivua miwani myeusi, akafunga kitambaa kichwani. Hakusema kwa nini.

Nyumba yao ilikuwa nyeupe, kubwa, na nguo nyeusi na za buluu zimeanikwa barazani. Dada yake, Saloma, ndiye aliyefungua mlango. Walishikana mikono kwa muda, wakaongea lugha yao kwa sauti ndogo. Ndani, karibu na jiko la kuni, alikaa bibi kizee mwembamba mwenye kofia nyeupe, amekwisha kuvaa viatu vya safari. Profesa alipomwinamia, yule mama alimshika uso kwa mikono miwili, akamwangalia jicho lililopasuliwa, kwanza hivi, halafu hivi.

Saloma akatuandalia kahawa. Kikombe changu alikiweka kwenye meza kubwa, pamoja na cha mama na cha kwake. Kikombe cha Profesa alikiweka kwenye kimeza cha dirishani, juu ya kitambaa kilichopigwa pasi vizuri, na mkate mzuri kuliko wetu.

Nilibaki nimesimama. Kambini nimepanga foleni nyingi, nimewekwa upande huu na upande ule na watu ambao hawakunijua jina, na hasira niliyokuwa nayo wakati ule ikanirudia. Nilitaka kukaa naye dirishani. Profesa aliliona hilo.

"Goreti," alisema, "kaa pale walipokupangia. Usinipiganie."

Nikakaa. Kahawa ilikuwa nzuri lakini sikuimaliza.

Ndipo tukasikia kwamba dereva waliyemkodi hatakuja. Gari lake lilikuwa limeharibika jana yake, na jirani mwingine ndiye aliyekuja kuwaambia asubuhi. Saloma alikuwa akijiandaa kwenda kwenye kibanda cha simu barabarani kutafuta mwingine. Mama alikuwa akipumua kwa kelele kidogo, mkono kifuani. Hakuna aliyetaja kwamba gari lilikuwa limesimama uani.

Mwishowe mama mwenyewe akanigeukia, akaongea Kiingereza cha polepole.

"Lile gari ni la nani?"

"Ni langu, mama."

"Na mwendeshaji ni nani?"

"Ni mimi."

Alifikiri. Kisha akamwambia Saloma amletee shali na kikapu. Alipofika mlangoni aliniegemea mkono, akasema, "Binti yangu akae utakapomwambia wewe. Gari ni lako."

Nikamwambia Profesa akae nyuma na mama yake. Saloma alikaa mbele pamoja nami, kikapu magotini.

Hospitali ilichukua siku nzima. Walimpima moyo, wakampitisha kwenye mashine hii na ile. Daktari kijana alieleza kwamba mlango mmoja wa moyo haufungiki vizuri, na kwamba upasuaji ungeweza kusaidia. Mama alisikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akakataa. Alisema ameishi miaka aliyopewa na hataki kulilipisha kanisa fedha nyingi kwa ajili ya mzee. Daktari alimgeukia Profesa, labda kwa sababu huyo alikuwa amejitambulisha kuwa msomi, akitaka amsaidie kumshawishi. Profesa akamwuliza mama yake swali moja tu kwa lugha yao. Mama akajibu. "Amesema ndiyo," Profesa alimwambia daktari. "Nilimwuliza kama ana hakika."

Tukiwa njiani kurudi, mvua ikaanza kunyesha kwa nguvu, hata sikuona barabara. Nikaegesha kwenye kituo cha mafuta kusubiri ipungue. Saloma alikuwa amesinzia. Mama akaomba kikapu chake. Nikakichukua taratibu magotini pa Saloma, nikampitishia nyuma. Katika kioo cha dereva niliona akitoa mkate na matofaa yaliyopikwa mpaka yakawa laini kama siagi, akiupaka kwa kisu kidogo. Akaukata katikati. Kipande kimoja akamwekea Profesa kiganjani, akasema maneno machache. Kisha akala chake, na Profesa akala chake, wameketi bega kwa bega, wanatazama vioo vilivyojaa ukungu wa pumzi zao.

Mimi pia nilipewa kipande, nikala nikitazama mbele.

Tulipomfikisha nyumbani, Profesa hakuingia tena. Alimsindikiza mama hadi ngazi za baraza, wakaagana pale. Saloma akaniletea chupa ya matofaa yale, nami nikampa karanga za akina mama wa Buffalo, mkononi.

Tulikuwa tumerudi barabara kuu nilipopata ujasiri wa kuuliza mama alisema nini kwenye mvua.

"Alisema, 'Hapa hakuna meza,'" alijibu Profesa. Akageukia dirisha lake, akalia. Niliendesha, sikumwambia anyamaze.

Kesho yake tulisimama Columbus kumpasha habari Amosi. Alikuwa akipiga ubao msasa karakanani. Alipoambiwa habari ya mkate aliketi juu ya rundo la mbao, akamwomba dada yake asimulie tena sehemu hiyo, polepole. Jioni tulikuwa Louisville.

Mama yao alifariki majira ya kuchipua yaliyofuata. Profesa alimpitia Amosi, wakaenda kuzika. Aliporudi nilimwuliza mambo yalikwendaje. Alisema watu walikuja wengi, magari ya farasi yalijaa shamba zima, na baada ya maziko walimwekea kimeza chake, akala peke yake, na dada yake alipita mara kwa mara kumjazia sahani. Mwanafunzi mwenzangu mmoja, aliyekuwa amesikia habari hizo, alimwuliza kama amewasamehe. "Hawajaniomba msamaha, wala mimi sijawaomba," alisema. "Wameshika lao, nami nimeshika langu. Na tunapendana."

Jibu hilo lilinisumbua kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejifunza kwamba kazi ya mshauri ni kufungua milango, na nikamwona mwalimu wangu akikaa nje ya mlango wake bila kuugonga kwa nguvu, na bila kwenda zake.

Sasa mimi mwenyewe nawashauri Warundi wenzangu hapa Louisville. Mzazi akiniambia kwamba kwake mtoto fulani haingii tena, siharakishi kumwambia afungue. Namwuliza kwanza, mlango ukiwa umefungwa hivyohivyo, ni kitu gani bado anaweza kumfanyia mtoto huyo. Mama mmoja, ambaye binti yake alifuata mume hadi jimbo jingine bila idhini ya ukoo, aliitoa simu yake mkobani, akaitazama.

"Naweza kupokea simu yake," alisema. "Sitasema neno. Nitapokea tu, nimsikie anapumua."

Nikamwambia aanze na hilo.